Ng'ombe Aliyeinua Kichwa

Juzi asubuhi nilinunua kichwa cha ng'ombe, kikanikalisha chini. Si kwa uzito. Vichwa nimebeba miaka mingi, rafiki yangu, ndiyo kazi yangu hapa Mangateen, Juba: supu ya kichwa na miguu, nawauzia watu wa bodaboda na watu wa kambini kabla jua halijawa kali. Basi nilikimwagia maji nikioshe damu, mara nikaona paji la uso. Limebonyea mahali patano. Pigo moja chini ya jicho. Lingine juu ya pua kabisa, mahali ambapo huwezi kumwangusha ng'ombe hata ukimpiga mpaka Krismasi. Nikakaa kwenye kreti ya soda ya muuza nyama, kichwa nimekipakata kama mtoto.

"Mama Supu," muuza nyama akasema, "wewe unanunua kichwa ama unasoma gazeti?"

"Nasoma."

"Haya, tusomee na sisi. Kumeandikwa nini?"

"Kumeandikwa kwamba aliyempiga huyu alikuwa anaogopa, na hakufundishwa na mtu."

Wanaume waliokuwa wanangoja maini wakacheka. Mmoja, wa bodaboda, akasema, "Mama, hata mimi mke wangu ananipiga hivyo hivyo, popote tu." Wakacheka zaidi. Muuza nyama akapangusa kisu kwenye suruali yake akaniambia, kwa upole hata, maana si mtu mbaya, "Nyama ni nyama, mama. Ikishaingia kwenye sufuria haikumbuki kitu."

Nilibeba kichwa nikaenda zangu. Njia nzima neno lile lilikuwa linanichoma. Ni kweli, nyama haikumbuki. Mimi ndiye ninayekumbuka.

Nitakuambia kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo nimejaribu nikashindwa. Shule niliishia darasa la nne, kule kambini Kenya, tena darasa lenyewe la kukatika-katika, leo uko shuleni, kesho uko kwenye foleni ya unga. Lakini mwalimu wa pale alinishika mkono akanifundisha kuandika Kiswahili. Kiarabu chetu cha Juba nakisema, kukiandika siwezi. Kwa hiyo ukiona nimekosea mahali, malesh, nisamehe, endelea kusoma.

Juba niliyozaliwa haikuwa na magari haya wala majengo haya ya vioo. Nyumba yetu ilikuwa upande wa mto. Asubuhi ya kwetu ilianza na moshi wa mavi ya ng'ombe, maana haboba, ndivyo tunavyomwita bibi, alikuwa anachoma mavi makavu kila siku ya Mungu kufukuza mbu. Moshi ule ulikuwa mtamu. Ukicheka sasa ni kwa sababu hukuzaliwa ndani yake. Uliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye kisra, mkate wetu. Mama yangu alikuwa anamwaga uji wa mtama uliochacha juu ya bamba la chuma, anausambaza kwa kipande cha jani la mtende, shhh, halafu anaubandua mwembamba kama karatasi. Tulikula na mulah, mchuzi wa bamia kavu wenye odi, karanga zilizosagwa. Kazi yangu ilikuwa kusugua masufuria kwa majivu na kuokota mavi ya ng'ombe kwenye karai. Nilijua ng'ombe wa jirani yupi amekula vizuri na yupi anaumwa tumbo, kwa kuangalia tu karai langu.

Haboba alizaliwa kwenye kambi ya ng'ombe, kaskazini ya mji, kule ambako watu wanalala na mifugo yao na kujipaka majivu. Aliolewa mjini, lakini mjini hakukubali kukaa kwa moyo. Alikuja na ndama mmoja, na katika uzao wa ndama huyo akabaki na dume mmoja aliyehasiwa, rangi ya mvua inayokuja, pembe moja imeelekea mbele na nyingine nyuma. Kwa lugha yetu jina lake lilikuwa na maana ya wingu, na hapa nitamwita Wingu. Huyu hakulima, hakuvuta kitu. Kazi yake ilikuwa kuwa Wingu. Haboba alimwimbia, na mimi nikajifunza nyimbo zile mgongoni kwake kabla sijajua kutembea. Ukimwita jina, popote alipo, hata akiwa na nyasi mdomoni, aliinua kichwa akakutafuta kwa macho. Watoto wa jirani walikuwa wanamwita kwa kumchezea tu, wamwone anavyoinua kichwa. Haboba aliwafukuza kwa fimbo. "Jina si kengele," alisema. "Ukimwita, uwe na neno la kumwambia."

Baba yangu, mtoto pekee wa haboba, alikuwa mpigaji pale kwenye machinjio ya mtoni. Ninaposema mpigaji, usifikirie mchinjaji. Mchinjaji ni yule wa kisu. Mpigaji ni yule anayemzima ng'ombe kwanza, ili kisu kikija kisimkute. Kulikuwa na sakafu ya saruji, mfereji wa kwenda mtoni, makorongo wenye vipara wamejipanga kama wazee wa kanisa, na katikati uzio wa matete, mrefu kuliko mtu. Ng'ombe wote walingoja nje ya uzio. Mmoja tu aliingia. Aliyekuwa nje hakuona kitu, hakusikia kitu, aliona matete na kucheua.

Ndani ya uzio kazi ilikuwa hivi. Haboba mwenyewe, kwa sababu aliijua sauti ya ng'ombe kuliko wanaume wote pale, aliingia mbele na jiwe la chumvi kwenye kitambaa. Aliliweka chini, akamkuna mnyama chini ya shingo, akamwambia maneno. Mnyama anainamisha kichwa mwenyewe kulamba chumvi. Hakuna kumvuta, hakuna kumfunga pua, hakuna kumpinda mkia. Akishainama na ulimi umeshaanza kazi, haboba anasogea, baba anashusha nyundo. Nyundo ya mpini mrefu, aliupaka mafuta kila Jumapili. Alinionyesha mahali penyewe kwa mkaa kwenye fuvu kavu: chora mstari kutoka jicho hili mpaka mzizi wa pembe ile, na kutoka jicho lile mpaka mzizi wa pembe hii. Mistari inapokutana, hapo. Usishuke hata kidole kimoja. Ukishuka umepiga pua, na pua haizimi, inauma tu.

Pigo moja. Ng'ombe alianguka miguu yote minne kwa pamoja, kama nyumba iliyotolewa nguzo. Halafu baba aliinama akagusa mboni ya jicho kwa ncha ya kidole. Jicho likipepesa, hata kidogo, hakuna kisu, anapiga tena. Akaweka mkono kwenye pua, asikilize kama pumzi bado inakuja na kwenda. Ikiwa kimya, ndipo anamwita mwenye kisu: haraka sasa, kabla hajarudi. Nyama ile ilikuwa laini, nyekundu ya kung'aa. Nyama ya ng'ombe aliyekufa kwa hofu inakuwa nyeusi na kunata, utaijua kwenye sufuria. Mimi naijua kila siku.

Waislamu walikuwa na siku yao na mzee wao, na mzee huyo hakutumia nyundo, lakini kisu chake kilikuwa kirefu na hakuna aliyewahi kukiona kikinolewa, alikuwa anakinoa kwake na kukificha chini ya kanzu mpaka dakika ile. Yeye na baba walikunywa chai pamoja. Walikuwa hawakubaliani juu ya nyundo, walikubaliana juu ya uzio. Haboba alikuwa na msemo: "Ng'ombe hakuogopi mpaka umfundishe."

Watu wa kwetu nawaita baba, haboba, jirani, kwa heshima. Lakini kuna wawili nitawataja majina, kwa sababu heshima yao waliimaliza wenyewe. Wa kwanza ni Wani, mkandarasi wa nyama. Wa pili ni Lado, mpwa wake.

Vita vilipoukaribia mji, barabara zilifungwa. Ng'ombe walianza kuja kwa makundi, wameporwa huku na huku, na askari walikuwa wengi wanaotaka kula asubuhi moja. Wani ndiye aliyepata kazi ya kuwalisha. Alikuwa mtu mnene mwenye saa mbili, moja kila mkono, na alikuwa anaziangalia zote. Alisimama pale machinjioni siku ya kwanza akamtazama haboba anavyomkuna ng'ombe shingo, akauliza, "Huyu mama anamchinja ama anamposa?"

Watu wake wakacheka. Haboba hakugeuka. Alisema, "Wewe mama yako alikuzaa kwa haraka, inaonekana." Hapo waliocheka zaidi walikuwa watu wetu.

Wani alileta Lado. Lado alikuwa na panga tu. Kazi yake: anakuja nyuma ya ng'ombe, anakata mshipa mkubwa wa mguu wa nyuma, mmoja, halafu wa pili. Ng'ombe anakaa chini kama mbwa, macho wazi, akili yote ipo. Hawezi kwenda popote. Lado anakwenda kwa mwingine. Aliweza kuangusha wanne watano kabla baba hajamaliza mmoja, na wale wanne watano walikaa hapo wakingoja kisu, wakiangaliana. Makelele yao yalifika sokoni. Wani alipenda sana. Na kwa kuwa uzio wa matete ulikuwa unakula nafasi, aliamuru ung'olewe. Matete yakawa kuni za jiko la askari. Mkaguzi wa nyama, mtu wa serikali mwenye kalamu na muhuri, alikuwa pale. Alipiga muhuri wake, akapewa mguu wa nyuma, akaenda nyumbani. Jina lake silijui, ningeliandika hapa.

Baba alimwambia Wani, "Bwana, mnyama anayekulisha usimlipe hofu." Wani akaangalia saa zake mbili. Akasema, "Basi nenda kamlipe wewe, nyumbani kwako." Hivyo ndivyo baba alivyofukuzwa. Haboba alikunja kitambaa chake cha chumvi akarudi naye. Kuanzia hapo baba alipiga nyundo tu kwa mtu wa mtaa aliyemwita, mwenye ng'ombe wa msiba au wa harusi, na watu hao walikuwa wanapungua kwa sababu ng'ombe walikuwa wanapungua.

Mwaka ule wa njaa nakumbuka ladha yake. Majani ya kunde bila kunde. Mbegu za yungiyungi za mtoni, mama anazitwanga, zina harufu ya tope. Ndugu yangu mdogo alikuwa na kichwa kikubwa na shingo ya kuku. Wingu alikuwa bado yupo, amefichwa kwenye magofu ya nyumba ya jirani aliyekimbia, na kila mtu mtaani alijua na kila mtu alijifanya hajui. Lakini watu wa Wani walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Wangemchukua tu. Wangempeleka kwa Lado.

Haboba aliamua mwenyewe. Alikwenda kwa Wani kwa miguu yake. Alisema: chukueni nusu ya nyama muwape askari wenu, nusu iwe ya nyumba yangu na mtaa wangu, lakini apigwe na mtoto wangu, kwa nyundo, kwa chumvi, na asiguswe na panga akiwa na akili zake. Hakuomba kitu kingine. Hakuomba asife. Alijua kufa kutakuwepo. Alichoomba ni kwamba Wingu asijue. Wani alikula kiapo mbele ya watu. Ilimgharimu nini? Maneno tu.

Asubuhi hiyo haboba alimpaka Wingu majivu mgongoni, kutoka shingo mpaka mkia, polepole, akimwambia kwa nini. Alimwambia njaa. Alimwambia mtoto mwenye shingo ya kuku. Nilisikia anamwomba msamaha kwa jina la mama yake na mama wa mama yake, ng'ombe wote wale aliwajua. Halafu akampa kamba jirani yetu mwingine, mzee wa makamo ambaye Wingu hakuijua sauti yake, yeye ndiye atakayeweka chumvi. Maana desturi ilikuwa hivi, na haboba aliishika maisha yake yote: mwenye ng'ombe hakai karibu anapokufa. Wa watu wengine aliwawekea chumvi mwenyewe, wake asingeweza. Ng'ombe akisikia sauti anayoipenda ataitafuta, na kichwa kikiinuka, nyundo inaangukia mahali pasipo pake. Aliniambia mara mia. "Ukiwa karibu, mdomo wako uwe wa jiwe."

Akaniambia nikae naye. Akakaa mbele ya jiwe la kusagia, mgongo ameupa mto, akaanza kusaga kwa nguvu zote ili masikio yake yajae. Mtama haukuwepo, rafiki yangu. Hakukuwa na punje hata moja. Alikuwa anasaga jiwe kwa jiwe, na unga uliokuwa unatoka ulikuwa wa jiwe.

Nikamkimbia. Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi. Nilitaka kumwona tu mara ya mwisho. Kama uzio ungekuwepo, ningefika kwenye matete nikasimama nje kama ng'ombe wengine, nisione kitu. Lakini Wani alikuwa ameuchoma. Nilisimama kwenye mfereji, na kila kitu kilikuwa wazi mbele yangu.

Niliona jirani anafungua kitambaa. Jiwe la chumvi lilikuwa dogo kama yai, la mwisho, baba alikuwa amelificha miezi mingi kwa siku hiyo, sisi tunakula majani bila chumvi. Wingu alinusa. Akanusa mkono wa jirani. Akashusha kichwa, na nikasikia ulimi wake kwenye jiwe, krr, krr. Alikuwa ametulia kabisa. Baba alisimama vizuri, miguu ameipanua, nyundo imeshapanda. Ilikuwa inakwenda sawa. Nataka ujue hivyo. Ilikuwa inakwenda sawasawa kama haboba alivyoomba.

Halafu nikamwona Lado. Alikuwa anakuja nyuma ya Wingu na panga mkononi, anatembea kwa ncha za vidole. Pengine alikuwa anapita tu. Pengine alikuwa anakwenda kungoja zamu yake ya kupasua. Mimi niliona panga na mguu wa Wingu, na sikufikiria kitu kingine. Nikaita jina lake. Nililipiga kelele jina lake kwa nguvu zangu zote, kumwambia akimbie.

Akainua kichwa. Bila shaka aliinua, maisha yake yote hakuwahi kukosa. Alinitafuta kwa macho, akanipata, na nyundo ya baba ikamkuta chini ya jicho.

Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi. Hakuanguka. Kamba ilikatika. Alizunguka sakafu ile na uso umevunjika, baba anamfuata na nyundo anamwita kwa sauti ya chini, atulie, atulie, na kila baba alipoinua mkono yeye aligeuza kichwa kuelekea mfereji, kuelekea kwangu. Alikuwa anadhani nina neno la kumwambia. Ndipo Lado akakata mguu mmoja, halafu wa pili, na Wani anasema khalas, khalas, malizeni. Walimaliza. Hakuna aliyegusa mboni ya jicho. Hakukuwa na haja, macho yalikuwa wazi na yanaona.

Tukirudi nyumbani, tangu mbali tulisikia jiwe limenyamaza. Haboba alikuwa ameketi palepale. Baba aliweka nyama chini, hakunawa hata mikono. Haboba akauliza, "Alilia. Nimemsikia mpaka hapa. Kwa nini alilia?"

Baba aliniangalia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, miguu ina tope la mfereji, na yeye aliliona tope lile. Akasema, "Mkono wangu ulichoka, mama."

Haboba alipangusa unga wa jiwe magotini. Halafu akasema, "Basi mkono huo usinipe tena maji."

Na haukumpa. Kwetu mzee akikataa maji ya mkono wako, amemaliza maneno yote. Tulikula nyama ile, ndugu yangu akapona, yuko hai mpaka leo, ana watoto hapa mjini, New Site. Haboba hakuonja. Baba hakushika nyundo tena, hata walipokuja kumwita kwa msiba. Tulipokimbia kwenda Uganda aliiacha nyuma ya mlango. Kule alichoma matofali, na Kenya baadaye alichoma mkaa, na wanaume waliokuja kujifunza kwake kuzima ng'ombe aliwaambia yeye hajui kazi hiyo.

Mara moja nilijaribu. Tulikuwa njiani, siku ya pili au ya tatu ya kutembea, haboba amelala chini ya mkwaju. Nilimwambia baba, nitamwambia haboba ni mimi. Akanishika bega, si kwa nguvu. "Nyamaza. Bibi yako anahitaji mkono mmoja wa kumpa maji. Wangu ameukataa. Akiukataa na wako, nani atamnywesha?"

Basi nilimnywesha mimi. Njia nzima, na miezi yote kule kambini Uganda mpaka alipozikwa, kikombe cha bati kilitoka mkononi kwangu kwenda mdomoni kwake. Alinibariki kwa kila kikombe. Alisema mimi ndiye mwenye mikono mizuri katika nyumba ile. Baba alikuwa anasikia, ameketi pembeni, anavunja vijiti.

Sasa haboba hayupo, baba hayupo, tumemwacha Kenya kwenye mchanga. Wani alikufa kitandani, tajiri, saa zake zikarithiwa. Lado nilimkuta baada ya kurudi Juba, karibu na Bilpam, mzee anayeuza kuni, jicho moja lina mtoto wa jicho. Nilinunua kuni ambazo sikuzihitaji. Nikamwuliza, siku ile ya ng'ombe wa rangi ya mvua, wa pembe mbili tofauti, ulikuwa unataka kumkata ama ulikuwa unapita? Alifikiri kwa kweli, nilimwona anajitahidi. Akasema, "Ng'ombe gani, dada yangu? Walikuwa wengi."

Hata jibu hilo sikulipata.

Kazi ile nayo imekufa. Walikuja watu wa mradi wenye fulana za kung'aa, wakaleta bastola ya kuzimia ng'ombe, ile inayopiga chuma kwenye paji la uso halafu chuma kinarudi ndani. Walifundisha wiki moja. Nilikwenda kuangalia, na nilipoona ng'ombe wa kwanza anaanguka miguu yote minne kwa pamoja nililia mbele za watu. Lakini baruti zake ziliisha, na mkubwa wa machinjio aliifungia kwenye kabati, ufunguo uko naye, anasema ni mali ya thamani. Vijana wanapiga kwa nyuma ya shoka, kwa nondo, kwa chochote. Hakuna uzio. Hakuna chumvi. Hakuna mama wa kumkuna mnyama chini ya shingo. Ninawaambia kuhusu ile mistari miwili, wananiambia mama, supu inaungua.

Nimemtaja Wani, nimemtaja Lado, nimemtaja mwenye muhuri na mwenye ufunguo. Wote wana lao. Lakini sauti aliyoisikia Wingu ilikuwa yangu, na aibu aliibeba baba, na baraka nilizipokea mimi. Zamani nilikuwa naomba Mungu asijue mtu. Siku hizi ningependa mtu anikalishe chini anichape fimbo za kweli, kama mtoto, mpaka nilie niishe. Nimewahesabu wote wenye haki ya kunichapa. Wote nimewazika.